Kompyuta Iliyoulizia Njia kwa Mwongo

Ninyi vijana mnaokaa sasa kwenye vile viti vyetu vilivyolegea, sikieni. Kuna kompyuta inayoharibika kwa kuzima, na hiyo haina raha yoyote: unafungua, unafuta vumbi, unabadilisha kifaa, unaenda kula. Halafu kuna kompyuta inayokubali kila unachoiambia, kisha ukigeuka tu kunywa maji inarudia kile kile ulichoikataza. Hiyo ndiyo kazi! Mpaka leo nikisikia mtu analalamika kwamba mashine yake "inajirudisha yenyewe", moyo wangu unadunda kama wa msichana aliyeitwa kucheza harusini.

Mimi ni Mama Ombeni. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikaingia Uganda na mtoto mgongoni, na miaka mingi ya maisha yangu nimeitumia kutengeneza kompyuta, kwanza Mbarara katika mtaa wa Ruharo, halafu hapa kambini Nakivale katika chumba cha kompyuta ambacho sasa ni chenu. Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Herufi za skrini zilianza kutembea kama siafu, nikasema basi. Kilichobaki ni shamba la maharage na huu mdomo.

Mnaniomba kila mara niwasimulie ile ya Espérance. Mmeisikia vipande vipande, na wengine wenu mmeitia chumvi. Juzi nilimsikia mmoja akisema eti Mama Ombeni aliifukuza mizimu kwenye laptopu kwa maombi. Niliomba, ndiyo, lakini vidole vilikuwa kwenye kibodi.

Espérance mnamjua kwa sura: yule dada Mrundi mrefu, anayeishi na bibi yake upande wa ziwa. Wakati ule alikuwa anajitolea kwenye kituo cha afya, akiwatafsiria Kirundi akina mama waliokuja kujifungua. Alisimama pale kitandani, mama analia kwa Kirundi, mkunga anauliza kwa Kiingereza, na yeye katikati. Akachoka kuwa mdomo wa watu wengine. Akataka kuwa mkunga mwenyewe. Kuna chuo cha uuguzi Mbarara kilichokuwa kimefungua maombi kwa njia ya mtandao, na vyeti vyake alikuwa amevipata kwa shida ambayo kila mkimbizi anaijua: kimoja kilibaki Burundi, kingine kililowa mvua njiani. Alivitafuta upya, akavipiga picha vizuri, akaviweka kwenye laptopu yake. Hiyo laptopu ilikuwa ya mkono wa pili, yenye mfumo wa Linux, aliyoinunua dukani Kabingo.

Akasubiri, akasahihisha, akasubiri tena, kama wafanyavyo watu wenye hofu. Mpaka ikafika siku ya mwisho ya maombi.

Na siku hiyo umeme ukakatika Nakivale yote.

Chumba chetu kilikuwa kimya. Kompyuta zote za mezani zimekufa, feni imekufa, na ile sola ndogo juu ya paa ilikuwa inatosha kuchaji simu tu. Espérance akaingia na laptopu yake kifuani, betri ikiwa na nguvu kiasi.

"Mama, nisaidie mtandao," akaniambia. "Leo ndiyo mwisho. Jioni wanafunga."

Nikawasha simu yangu, nikamgawia intaneti, nikaenda dirishani kupanga nyaya. Nikamwacha ajaze. Baada ya muda akaniita, sauti imejaa furaha.

"Mama, kumbe ni rahisi! Wananiomba tu ile kode ya simu, ya kutolea pesa, kisha nimemaliza."

Sijui niliruka vipi ile benchi. Umri wangu ule na magoti haya!

"Toa kidole!" nikapiga kelele. "Toa kidole kule, mtoto! Usibonyeze kitu!"

Akanyanyua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekutana na askari. "Mbona? Si ni page ya chuo? Angalia, iko na picha ya lango lao."

Ilikuwa na picha ya lango, kweli. Ilikuwa na rangi za chuo na wasichana waliovaa sare nyeupe wakicheka. Lakini chuo gani kinahitaji namba ya siri ya simu yako? Nikasogeza macho juu kwenye anwani. Jina la chuo lilikuwa na herufi moja ya ziada katikati, imejificha pale kama jiwe ndani ya wali.

"Ulifikaje hapa?"

"Nilitafuta jina la chuo. Hii ilikuwa ya kwanza."

"Umeandika nini mpaka sasa?"

Alikuwa ameshaandika namba ya simu na namba ya kitambulisho chake. Ile kode alikuwa hajaiandika.

Nikaufunga ule ukurasa. Nikaandika anwani ya chuo mwenyewe, herufi kwa herufi, jinsi ilivyoandikwa kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni petu. Nikabonyeza. Badala ya chuo, likatokea onyo jekundu: muunganisho huu si salama, huenda mtu anajifanya kuwa tovuti unayoitafuta. Chini yake kulikuwa na maneno madogo ya kukuruhusu uendelee kwa hatari yako mwenyewe. Espérance akanyoosha mkono kuyabonyeza. Nikaushika ule mkono.

Hapo, wanangu, ndipo damu ilipoanza kunichemka, na siyo kwa hasira. Ilikuwa furaha ya kazi. Kwa anwani ya uongo peke yake ningeyalaumu macho ya mtoto. Lakini anwani sahihi kupelekwa pasipo sahihi? Mle ndani kulikuwa na mtu.

Sasa niwaeleze hili polepole, maana wengi wenu mnajifanya mnalijua. Hapa Nakivale nyumba hazina namba. Mgeni akitaka kwa Maria anauliza mtu wa barabarani, na yule mtu anamwonyesha: pita kisima, kata kushoto. Kompyuta nayo haijui chuo kinakaa wapi. Inajua jina tu, na kila mara inamuuliza mtu njia. Huyo anayeulizwa ndiye DNS. Akiwa mkweli, unafika. Akiwa mwongo, unaweza kutaja jina sahihi kabisa ukapelekwa kwa mwizi, na mwizi amepaka ukuta rangi ile ile.

Kabla ya kugusa chochote nikakumbuka Ruharo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Byaruhanga, Munyankore, mwenyeji wa huko, aliyekuwa mtu wa redio jeshini kabla ya kufungua karakana yake ya kompyuta pale Ruharo. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, kifupi, hakina mapambo. Alinichukua nikiwa sijui hata kushika kipanya, akanifundisha kwa kelele na chai ya maziwa. Basi siku moja mwalimu mmoja mama alileta kompyuta yake. Kila tovuti aliyofungua ilimpeleka kwenye matangazo ya dawa za kupunguza unene, na mama wa watu alikuwa mwembamba kama ufagio. Mzee akafuta kila kitu, akaweka Linux upya. Pale karakanani ikafanya kazi safi. Mama akaenda nayo nyumbani, kesho yake akarudi nayo: dawa za unene. Mzee akaiweka upya tena. Safi. Nyumbani, unene. Ilifika mahali yule mama akianza kuonekana kwenye kona ya barabara, Mzee anaingia uani kujificha.

Mwisho akapanda pikipiki akaenda naye nyumbani. Akakuta kile kisanduku cha intaneti cha pale ndani bado kina neno la siri la kiwandani, mtu kaingia humo zamani, kabadilisha DNS. Kompyuta haikuwa na kosa hata moja! Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya mlango wa watu. Akarudi kwangu akasema, "Mama Ombeni, leo mimi nimefukuza panya kwa nyumba ya jirani. Kuanzia sasa, kwanza nauliza: nagonjwa mtu moja, ama nyumba muzima?"

Kwa hiyo siku ile na Espérance nilianza hapo. Nikachukua simu yangu, ile ile iliyokuwa inatupa intaneti, nikaandika anwani ya chuo. Tovuti ikafunguka vizuri, na alama ya kufuli ikiwepo. Basi! Mtandao mzima, laptopu mgonjwa. Nusu ya kazi imekwisha na sijafungua kitu.

Mtaniuliza, kwa nini basi asijaze kwenye simu? Tulijaribu. Fomu ilijikunja, kitufe cha kupakia vyeti kikaenda kukaa chini kabisa kwenye kona, na kona hiyo ndipo kioo cha simu yangu kilipopasuka. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Espérance akatazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, betri inashuka."

"Acha ishuke. Keti hapa karibu, uone."

Nikafungua mipangilio ya kivinjari, ile programu anayofungulia intaneti. Injini yake ya kutafutia ilikuwa imebadilishwa. Ilikuwa moja ambayo sijawahi kuisikia, yenye jina la kuvutia kama la duka la manukato. Nikataka kuchagua nyingine. Sehemu ya kuchagua ilikuwa ya kijivu, haibonyezeki, na juu yake kwa Kifaransa kumeandikwa kwamba kivinjari hiki kinasimamiwa na shirika lako.

"Shirika lako ni gani, Espérance?"

"Mimi? Mimi niko na bibi tu."

Nikacheka, Mungu anisamehe, mtoto akiwa na machozi. Lakini mjue na ninyi: mkiona maneno hayo kwenye mashine ya mtu asiye na ofisi wala bosi, kuna mkono ulioingia ndani zaidi ya kivinjari. Kuna faili la amri limewekwa upande wa mfumo, na kivinjari kinalitii kama mtoto anavyomtii mwalimu mkali. Kubadilisha ndani ya kivinjari kwenyewe ni kujichosha.

Nikafungua ile skrini nyeusi ya amri. Nikasoma faili dogo linaloitwa resolv.conf, ambamo Linux inaweka jina la yule inayemuuliza njia. Mara nyingi humo utakuta maelezo kwamba faili linaandikwa na programu, usiliguse. Humu maelezo hayo hayakuwapo. Kulikuwa na DNS nisiyoijua, siyo ya simu yangu. Na chini yake, mstari unaoanza na neno search.

Mstari huu wengi wenu mnauruka kwa kudhani ni mambo ya kutafuta kwenye intaneti. Sivyo. Mtu akisema "naenda kwa Maria", jirani anamalizia mwenyewe, "yule wa mtaa wa Kashojwa." Mstari wa search ndiyo kazi yake hiyo: ukiandika jina fupi, unalifungia mkia. Hapa kwetu mnaandika "darasa" tu, na kompyuta inaongeza mkia wa chumba chetu, mnafika kwenye masomo. Kwenye laptopu ya Espérance mkia ulikuwa wa watu wengine kabisa. Kila jina fupi aliloandika lilikuwa linakwenda kwao.

"Kwa hiyo walifunga kila mlango," Espérance akasema.

"Walifunga mitatu. Mtu akitafuta, wako. Akiandika jina zima, wako. Akiandika jina fupi, wako. Hao watu ni wavivu wa kufanya kazi halali, siyo wavivu wa akili."

Sasa, fundi mwenye haraka anafungua lile faili, anafuta, anaandika DNS nzuri, anafunga. Msifanye hivyo. Mnapaswa kwenda kwenye mipangilio ya mtandao wenyewe, kwa sababu ndiyo inayoliandika lile faili kila mnapojiunga. Nami nikaenda huko. Nikakuta DNS ile ya ajabu imepandwa pale kwa mkono, na ule mkia, na amri ya kukataa DNS inayotolewa na mtandao. Nikafuta vyote, nikairuhusu ipokee ya simu yangu, nikaukata mtandao nikaurudisha. Nikasoma lile faili. Safi! Nikaandika anwani ya chuo. Lango! Lango la kweli, na kufuli limekaa!

Espérance akaruka. Tukakumbatiana. Akaketi, akaanza kujaza: jina, mahali alipozaliwa, masomo. Akafika ukurasa wa pili. Akabonyeza kuendelea.

Onyo jekundu.

Yule mtoto hakulia. Aliweka viganja juu ya meza, akatazama ukuta. Nilisoma resolv.conf tena: DNS ile ile, mkia ule ule. Imerudi, kana kwamba sijapita pale.

Nikampigia Mzee Byaruhanga. Alikuwa ameshafunga karakana, yuko kwenye shamba lake la matoke nje ya mji. Nilisikia panga linakata majani.

"Mama Ombeni! Sema haraka, mimi niko kwa kazi."

Nikamweleza. Panga likanyamaza.

"Wewe natoa, yeye narudisha?"

"Ndiyo, Mzee. Baada ya muda kidogo tu."

"Sasa wewe napigana na karatasi. Karatasi hapana na mikono. Nani naandika? Tafuta hiyo mtu. Na kama yeye narudi kila saa, basi yeye iko na saa."

Yeye iko na saa! Nilimkatia simu bila kuaga. Bado ananilaumu kwa hilo.

Linux ina orodha ya kazi zinazoamshwa kwa wakati: kusafisha takataka, kutafuta masasisho, mambo kama hayo. Ukiandika systemctl list-timers inakuonyesha zote, ipi imetoka kufanya kazi na ipi inasubiri. Nikaandika. Nikateremka nazo kwa kidole, Espérance naye akiteremka nami, pua karibu na kioo. Hii naijua, ni ya masasisho. Hii naijua. Hii ya kumbukumbu za mfumo. Halafu moja yenye jina zuri kabisa, jina la kitu kinachoongeza kasi ya intaneti. Ilikuwa imetoka kufanya kazi dakika chache nyuma. Na ilikuwa inajiandaa kuamka tena.

"Ni huyo?" Espérance akanong'ona, kama vile angetusikia.

"Ngoja tuone mikono yake."

Nikafungua kile inachokiamsha. Kilikuwa kipande kifupi cha amri, nami nilikisoma kwa sauti, nikimfasiria mstari kwa mstari. Wa kwanza: weka DNS yetu. Wa pili: weka mkia wetu. Wa tatu: liandike upya lile faili la amri za kivinjari, lisimamie injini ya kutafutia. Kisha lala, uamke tena.

Wanangu, nimezaa, nimeoza binti, nimevuka mpaka na roho yangu mkononi. Lakini furaha ya kumkamata mwandishi akiwa na kalamu mkononi, hiyo nayo ni furaha!

Sikilizeni jinsi ya kumtoa, maana hapa watu hukosea. Usianze na maandishi. Anza na mwandishi. Nilisimamisha ile saa, nikaizuia isiwake tena hata mashine ikizimwa na kuwashwa. Nikahifadhi nakala ya kile kipande cha amri, kisha nikakiondoa pamoja na programu iliyokileta. Ndipo nikarudi kwenye mipangilio ya mtandao nikasafisha DNS na mkia. Ndipo nikafuta faili la amri za kivinjari, na pale pale kwenye mipangilio ya kivinjari ile rangi ya kijivu ikatoka, Espérance akachagua injini yake mwenyewe kwa mkono wake. Nikatazama pia lile faili la hosts, ambamo mtu anaweza kuficha anwani za uongo, lilikuwa safi. Nikaiamuru mashine isahau majibu ya zamani iliyoyahifadhi, kwa sababu unaweza kumfukuza mwongo na bado ukafuata maelekezo yake ya jana. Nikawasha mtandao upya. Mwisho nikaiuliza laptopu, chuo kinakaa wapi? Ikajibu. Nikaiuliza simu swali hilo hilo. Majibu yakalingana.

"Sasa andika," nikamwambia.

"Tusingoje kwanza? Isije ikarudi."

"Betri itangoja?"

Alama ya betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Nikapunguza mwanga wa skrini mpaka tukawa tunasoma kama watu wanaochungulia kisimani. Nikafunga kila programu isiyohitajika. Espérance akaandika. Alikuwa anaandika kwa vidole vyote sasa, hatazami kibodi, anatamka maneno kwa Kirundi chini ya pumzi. Ukurasa wa pili ukapita. Tukatazamana. Wa tatu ukapita. Cheti cha kwanza kikapanda. Cha pili, kile kilicholowa mvua, kilikuwa kizito. Ule mstari wa kupakia ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Nilikuwa nimeinua simu juu ya kichwa dirishani ili mtandao ushike vizuri, mkono unakufa ganzi.

"Mama, usiteremshe!"

"Siteremshi! Wewe bonyeza!"

Akabonyeza. Yakatokea maneno kwamba maombi yamepokelewa, na namba ya kumbukumbu. Alichukua kalamu akaiandika mkononi mwake, kwenye kiganja, na kabla hajamaliza kuikagua, skrini ikazimika yenyewe.

Tulibaki gizani kidogo, mchana kweupe, tukicheka kama wehu. Nje mwuza chapati alisimama kutuchungulia.

Kazi haikuishia hapo. Siku ile ile, umeme uliporudi, Espérance alibadilisha maneno yake ya siri yote, kwa kutumia mashine nyingine. Namba yake ya simu ilikuwa imeshaangukia mikono ya watu, na kwa muda watu wasiojulikana walimpigia wakijifanya ni ofisi hii na ile. Akawa anampa bibi yake simu. Bibi alikuwa anawasalimia kwa Kirundi kirefu cha kijijini, anawauliza habari za ng'ombe na za wazazi, mpaka wakakata wenyewe.

Lakini mimi kulikuwa na swali lililonizuia kulala. Ile programu iliingiaje? Espérance hakuwahi kuweka programu yoyote mwenyewe. Alipewa mashine ikiwa tayari. Kwa hiyo tukapanda boda, mimi na yeye, tukaenda Kabingo.

Mwenye duka alikuwa Nuwagaba, kijana mpole mwenye miwani, duka limejaa laptopu zilizopangwa kama mikate. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Nikamwonyesha lile jina la programu.

"Ee, nyabo, hiyo nilipata kwa intaneti," akasema, akiniita mama kwa lugha yao, anatabasamu. "Inafanya mtandao inakimbia. Ni ya bure. Mimi naweka kwa kila mashine, customer anafurahi."

"Kwa kila mashine?"

"Kila moja."

Nikamgeuzia skrini ya Espérance na kumwonyesha ile nakala ya kipande cha amri niliyoihifadhi. Alisoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Nilimwona anasoma, tabasamu linaondoka, anarudia mstari wa kwanza. Akavua miwani.

"Nyabo," akasema, "mimi nimeuzia watu wa Nakivale mingi. Hata Ngarama. Hata mama yangu nimempa moja."

Ule ugomvi niliokuja nao sikujua niuweke wapi. Tukaketi naye kwenye viti vya plastiki, tukaanza kukumbuka nani alinunua.

Jumapili iliyofuata, katekista alitangaza baada ya misa, kwa Kirundi na kwa Kiswahili: mwenye laptopu kutoka duka la Kabingo ailete Jumatatu asubuhi kwenye uwanja wa kanisa, inasafishwa bure. Wachungaji wa Wakongo nao wakatangaza makanisani mwao. Tulidhani watakuja wachache. Walikuja na foleni! Wengine na laptopu, wengine na simu zisizohusika kabisa, mzee mmoja na redio. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake. "Mimi nilifikiri ni serikali." "Mimi nilifikiri ni mke wangu anabadilisha." Baba mmoja Mkongo wa Fizi alituambia, "Miye nililishwa matangazo ya bahati nasibu mpaka nikaanza kuamini nitashinda."

Nuwagaba alifika kutoka Kabingo na pikipiki, amefunga nyuma katoni ya laptopu ambazo hakuwa ameziuza. Aliinama akaomba nimwonyeshe hatua zote tangu mwanzo, naye akawa anasafisha upande mmoja wa benchi, mimi upande mwingine, Espérance katikati. Na Espérance, wanangu, alikuwa ameshika zile hatua kama sala. Saa kwanza, mwandishi, mtandao, kivinjari, kumbukumbu, swali la mwisho. Alikuwa anawaeleza Warundi kwa Kirundi, kisha anageuka anawaeleza wetu kwa Kiswahili cha Bujumbura, mikono ikicheza. Wamama wenye watoto migongoni walikuwa wanamwambia, "Rudia hapo pa mkia," naye anarudia.

Jua lilikuwa limepanda simu yake ilipolia. Aliitazama namba, akadhani ni wale matapeli, akataka kumpa bibi aliyekuwa ameketi karibu. Kisha akaipokea. Tukamwona anasimama. Akasema "ndiyo" kwa Kiingereza, akasema tena, akafunika mdomo kwa kiganja. Alipoishusha simu, alisema kwa Kirundi neno moja ambalo mimi sikulielewa, lakini bibi yake alilielewa. Bibi akaanza kupiga vigelegele palepale alipokaa, na uwanja mzima ukamfuata bila kujua sababu, Wakongo kwa namna yao, Warundi kwa namna yao, na Nuwagaba anapiga makofi na bisibisi mkononi.

Alipotuambia ni chuo, wamemchukua, tulimbeba kidogo. Alikuwa mrefu, tukashindwa.

Mimi nilikuwa nalia, nasema basi, tufunge leo, twende tukanywe chai, mtoto amechukuliwa chuo. Espérance akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akatazama foleni iliyobaki, ikifika mpaka karibu na barabara. Akaketi tena kwenye benchi.

"Haya," akasema, akinyoosha mikono kupokea. "Nani anafuata?"